Kuni za Baridi Hukatwa Wakati wa Jua

Hotuba juu ya kuni, moto na afya ya nyumba katika sehemu za Kosele

Wako watu wanaodhani kwamba habari za baridi ni habari za Ulaya, au labda za wenyeji wa Limuru na Kinangop, ambako umande huganda juu ya majani usiku. Mtu wa Kosele hadhani hivyo. Nchi yake ni ya vilima, karibu na Oyugis, upande wa Rachuonyo katika Kaunti ya Homa Bay, na ingawa Ziwa Victoria haliko mbali, joto la ufukweni halipandi mpaka huko juu. Mvua ya masika ikiisha kunyesha katika Machi, Aprili na Mei, hufuata miezi ya Juni na Julai, ambayo asubuhi zake ni za ukungu na usiku wake humfanya mtu atafute blanketi la pili. Theluji hakuna, lakini mtoto mchanga aliyelala juu ya mkeka, na bibi kizee aliye na maumivu ya magoti, hawapimi baridi kwa theluji.

Dawa ya baridi hiyo tangu zamani ni moto wa kuni. Wajaluo wa zamani waliijua sana. Katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi, watoto walikaa kuuzunguka moto wakasikiliza hadithi mpaka usingizi ukawachukua, na joto la majivu likakaa nao usiku. Hata leo, pamoja na gesi na umeme kufika vijijini, kuni hazijaondoka: hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote za nchi zilipikia kuni, na mashambani zilikuwa nyingi zaidi. Basi jambo linalofaa kuzungumzwa si kama watu watumie kuni au wasitumie. Watazitumia. Jambo lenyewe ni hali ya kuni zinapoingia jikoni.

Kwa kawaida kuni hutafutwa siku ile ile zinapotakiwa. Katika Januari jambo hili halina taabu, kwa maana kila kijiti kilichoanguka ni kikavu. Lakini Mei inapofika, matawi yote yaliyo chini yamelowa, na mama wa nyumba hulazimika kukata tawi bichi la mti wa kwenye boma, au kuchukua kuni zilizolala matopeni. Huzitia motoni. Ncha zake hutoa povu, moshi mweupe hujaza nyumba, macho hutoka machozi, na sufuria ya nyoyo haichemki. Hapo mama hupuliza mpaka kifua kikamuuma, na mwisho humwaga mafuta ya taa kidogo ili moto ushike.

Sababu yake ni maji. Katika mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji yaliyomo ndani ya mti wenyewe. Mama aliyebeba kichwani tita la kilo 20 la kuni mbichi, ambaye amepanda nalo kilima kutoka mtoni, amebeba kama kilo 10 za maji, ambayo ni karibu nusu debe. Tita lile lile likikauka vema litakuwa kama kilo 12 na nusu, na moto wake utakuwa mkali kuliko wa lile zito. Maana moto ukikutana na kuni mbichi, kwanza hufanya kazi ya kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni, kabla haujafika kwenye maji ya sufuria. Na kwa kuwa maji hayo huupoza moto, hewa nyingi zinazotoka katika kuni, ambazo zingewaka na kuwa joto, huondoka bila kuungua. Hizo ndizo moshi. Moshi basi ni kuni zilizopotea: mama amezitafuta, amezibeba, amezitia motoni, nazo zimempita zikaenda kuyasumbua macho yake na mapafu ya mtoto aliye mgongoni.

Kuni hazikaushwi katika Juni. Watu wa Norwei na Finland, ambako baridi huua kweli kweli, hukata miti yao mwisho wa majira ya baridi, huipasua, huipanga mahali penye jua na upepo, na kuiacha muda wote wa kiangazi. Mtu wa huko akikutwa anapasua kuni mbichi siku theluji inapoanguka, jirani zake humhesabu kuwa mvivu. Kosele kiangazi ni kifupi, lakini jua lake ni kali kuliko la Norwei. Tangu Desemba inapokwisha mpaka mvua za Machi zinapokaribia, kuna kama miezi miwili ya jua kali na upepo mkavu. Miezi hiyo ndiyo yenye kuamua kama nyumba itakuwa na joto katika Julai.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mti ukatwe mapema, matawi yake yakatwe vipande vya urefu unaolingana na jiko, na vipande vinene vipasuliwe. Jambo la kupasua ndilo watu wengi hulisahau. Gogo zima lenye ganda lake huweza kulala uani mwaka mzima, na ndani yake likabaki bichi, kwa sababu ganda huzuia maji yasitoke. Likipasuliwa, jua huingia moyoni mwa mti, na unene wa kifundo cha mkono unatosha. Na kwa kuwa shoka ni kazi nzito, haifai kuachiwa mama ambaye tayari ana maji ya kuchota, shamba la kupalilia na watoto wa kulisha. Mwenye mji na vijana wake wakitoa asubuhi chache tu katika Januari, wataona wenyewe tofauti yake katika chakula cha Juni kinachoiva kwa wakati.

Baada ya kupasuliwa, kuni zipangwe juu ya mawe au juu ya magogo mawili ya kulalia, zisiguse udongo, kwa kuwa udongo huleta unyevu na mchwa. Zipangwe kwa kuachana kidogo ili upepo upite katikati. Juu yake kuwe na paa, hata kama ni bati kuukuu lililozuiwa na mawe, lakini ubavuni kuwe wazi. Wengine huzifunika kwa karatasi za nailoni pande zote, wakidhani wamezikinga. Kumbe wamezifungia jasho lake ndani, na zikifunuliwa huonekana zimeota ukungu. Tena zisiegemezwe kwenye ukuta wa nyumba ya kulala, maana nyoka hupenda rundo la kuni. Na yule mwenye desturi ya kuweka kuni za kesho juu ya uchaga ulio juu ya mafiga anafanya vema, maadamu uchaga haukaribii mno ndimi za moto wala makuti au nyasi za paa.

Jinsi ya kuzijua kuni zilizokauka inajulikana na kila mzee. Huwa nyepesi mkononi. Ncha zake zimepasuka mipasuko kama miale. Ganda lake hubanduka bila kisu. Na vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa sauti kali, si kwa sauti ya kufa kama vitu vilivyolowa. Zikiwekwa motoni, hazitoi povu.

Kuni kavu zikiisha kupatikana, huja habari ya jiko. Mafiga matatu yana wema wake: hayagharimu kitu, hubeba sufuria ya kila ukubwa, na mwanga wake hukusanya watu. Lakini joto lake hukimbia pande zote, na sehemu inayoingia katika chakula ni kama moja katika kumi, au zaidi kidogo tu upepo usipovuma. Katika miaka ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake, kwa msaada wa mafundi wa Ujerumani, kilieneza jiko la kuni lenye bomba la udongo uliochomwa ambalo hujengewa kwa matope jikoni. Likaitwa jiko la Maendeleo. Katika miaka ya 1990 jiko la namna hiyo lilienea magharibi ya Kenya kwa jina la Upesi, na vikundi vya akina mama wafinyanzi vikawa vikilitengeneza na kuliuza sokoni. Likitunzwa vema hupunguza sana kuni za kupikia.

Hata hivyo wako akina mama walioliacha katika miezi ya baridi wakarudia mafiga, na haifai kuwacheka. Jiko lililofunikwa huweka joto kwa ajili ya sufuria. Aliyekaa kando yake haoni moto wala hapati joto upesi kama penye mafiga. Njia iliyo nzuri ni kulijengea jiko kwa matope mengi, pamoja na benchi dogo la udongo ubavuni. Udongo hunywa joto polepole wakati wa kupika, kisha hulitoa polepole moto ukiisha kuzimwa, na wazee hukaa pale jioni wakiegemeza migongo yao bila moshi. Kadhalika maharagwe na mahindi ya nyoyo yakilowekwa tangu jana hupikwa kwa muda mfupi zaidi, na sufuria ikifunikwa haipotezi mvuke. Kuna na kikapu kilichotandikwa majani makavu ya migomba na matambara, ambamo sufuria iliyochemka hufunikwa ikaendelea kuiva yenyewe bila moto. Mambo hayo ni madogo, lakini kuni zinazookolewa mchana ndizo za kuota moto usiku.

Inapasa kusema wazi kwamba jiko la Upesi halina bomba la kutoa moshi nje. Hupunguza moshi, haliuondoi. Nyumba za nyasi za zamani zilipumua zenyewe. Moshi ulipita katikati ya nyasi ukatoka. Nyumba ya bati iliyozibwa vizuri mpaka juu ya ukuta haipumui. Kwa hiyo jiko la kuni lijengwe katika nyumba ya kupikia iliyo peke yake, na pale ukuta unapokutana na paa paachwe wazi, upana wa kiganja au zaidi. Katika miaka ya mwisho ya 1990, mafundi waliofanya kazi pamoja na wenyeji wa Kajiado na wa magharibi ya Kenya walijaribu kutundika juu ya mafiga kofia kubwa la bati lenye bomba linalotoka nje ya paa, na moshi katika nyumba hizo ulipungua sana. Fundi wa mabati wa soko lo lote anaweza kulitengeneza akionyeshwa.

Jambo hili si la macho kuwasha tu. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa magonjwa yaliyoletwa na moshi wa majumbani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Wengi katika watoto hao walikufa kwa kichomi, ugonjwa uitwao nimonia hospitalini. Mtoto anayekohoa kila Julai, ambaye mama yake husema amepigwa na baridi, huenda ikawa hakupigwa na baridi peke yake. Amekuwa akivuta moshi wa kuni mbichi tangu Mei.

Na hapa ndipo hatari kubwa zaidi inapoingia, nayo haina moshi hata kidogo. Watu waliochoshwa na moshi wa kuni mbichi hupika upesi, huzima, kisha usiku unapokuwa mkali huchukua jiko la makaa lililokuwa likiwaka nje, wakaliingiza katika chumba cha kulala. Makaa yamekwisha kuwa mekundu, hayana moshi, hayana harufu. Mlango hufungwa kwa sababu ya wezi, dirisha hufungwa kwa sababu ya baridi, na nguo hutiwa chini ya mlango. Watu hulala. Asubuhi jirani hubisha hodi, wala hakuna anayeitikia.

Kinachoua si joto wala uchawi. Makaa yanapowaka mahali ambapo hewa ni haba, hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na pua haiwezi kumwonya mtu. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hewa ya uhai ambayo damu ilikusudiwa kuibeba, na hivyo mwili hukosa pumzi ingawa kifua kinapanda na kushuka. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, pengine hutapika, kisha usingizi mzito humkamata; na kwa kuwa ni usiku, hudhani ni usingizi wa kawaida. Aliyekwisha kulala hapati hata dalili hizo.

Zamani mambo haya yalikuwa machache, kwa maana nyumba ya udongo na nyasi ilikuwa na nafasi nyingi za kuingiza upepo. Maendeleo yameleta kuta za saruji, dari, na madirisha ya vioo yanayofungika barabara. Ni nyumba nzuri, na mtu aliyeijenga ana haki ya kujivunia; lakini kwa jiko la makaa ni kama chupa iliyotiwa kizibo. Jiko lo lote linalowaka, la makaa au la kuni, lisilale chumba kimoja na watu, hata kama limefunikwa majivu, kwa kuwa makaa yaliyofunikwa huendelea kutoa sumu ile ile. Mwenye kutaka joto la usiku achemshe maji jikoni, ayatie katika chupa ngumu iliyofungwa vema, aizungushie kitambaa na kuiweka penye miguu. Au achukue jiwe safi, kavu, lisilotoka mtoni, alipashe moto kando ya jiko, alifunge kwa gunia. Jiwe la mtoni huwa na maji ndani, nalo huweza kupasuka.

Ikitokea kwamba mtu amekutwa katika chumba chenye jiko, naye ameumwa kichwa au amezimia, mlango na madirisha yafunguliwe mara moja, atolewe nje penye hewa safi, naye apelekwe hospitali bila kungoja kuona kama atapata nafuu. Hospitali humpa oksijeni. Kumpa maziwa, kama watu wengine wafanyavyo, hakuondoi sumu hiyo katika damu, na aliyezimia anaweza kupaliwa nayo.

Iliyobaki ni habari ya mahali kuni zinapotoka. Rachuonyo imelimwa karibu yote; viazi vitamu vya Kabondo vinajulikana mpaka masoko ya Nairobi, na shamba lililofika mpakani halina kichaka cha kuokota kuni. Watu wa ufukweni wanataka kuni za kukaushia samaki, waunguza matofali wanataka magogo ya tanuru, na upande wa Migori tumbaku inayokaushwa kwa moto imekula miti mingi. Msibani nako, mzee anapofariki, desturi ya magenga hutaka magogo makubwa yawake usiku kucha, na mara nyingi mti mzima hukatwa siku ile ile ukiwa mbichi. Wazee wengine wenye busara huweka gogo moja au mawili makavu chini ya ghala kwa ajili ya siku kama hiyo, na waombolezaji huketi penye moto usiowatoa machozi mengine.

Nyumba yenye ekari chache haiwezi kupanda msitu, lakini inaweza kupanda mipaka yake. Siala na ober ni miti ya nchi yenyewe, nayo huchipua ikikatwa. Mgrevilea hupandwa kwa mstari, na matawi yake hupunguzwa kila mwaka bila kuuua mti. Majirani wa Kisii wamezoea sana kazi hiyo. Anayetaka kuni upesi apande sesbania, ambayo watafiti wa kilimo cha miti waliofanya kazi Maseno waliisifu katika miaka ya 1990: hutoa kuni nyembamba kwa muda wa mwaka mmoja au miwili, na mizizi yake huurudishia udongo nguvu kabla ya mahindi kupandwa tena. Mkaratusi hukua haraka kuliko yote, lakini hunywa maji mengi mno, na mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza uondolewe kando ya mito na chemchemi. Upandwe juu ya kilima, mbali na kisima. Mnyaa uliopandwa kuwa boma usikatwe kwa kuni na watoto, maana utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya na unaweza kupofusha.

Miche ipandwe Aprili, udongo ukiwa umelowa chini kabisa, nayo ikingwe na mbuzi mpaka izidi kimo chao. Matawi ya kwanza hupatikana kwa kisu baada ya miaka michache, nayo yakatwe Januari.